Deni la Samli

Viti sitini nimepanga,
naye Daktari Mwanamize ameniomba niongeze kumi.
Nimeongeza. Kazi yangu si kubishana na matumaini.
Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi maktaba hii
huufungulia umma mlango wa upande wa Tononoka,
na umma huja watu kumi na wanne,
watano kati yao kwa ajili ya sambusa.
Nawajua. Hukaa karibu na meza, hupiga makofi mapema.

Leo mhadhara ni juu ya karatasi moja.
Imelala ndani ya sanduku la kioo, juu ya kitambaa cheusi
nilichokipiga pasi mwenyewe asubuhi:
kipande kisichozidi kiganja, pembe imeliwa na mchwa,
herufi za Kiarabu zimeinama
kama watu wanaotembea kwenye mvua.
Kibandiko nilikichapa mimi.
DUA YA KINGA. MJI WA KALE. MWANDISHI HAJULIKANI.

Saa kumi kasorobo kiyoyozi kikakata roho.
Joto likaingia bila kadi ya uanachama.
Nikampigia Kombo Mwachiti, akaja na ngazi,
akapanda, akafungua kifuniko, bisibisi mdomoni,
na chini yake Daktari akiendelea,
slaidi ya tisa, slaidi ya kumi,
wino, nyuzi za karatasi, hofu ya husuda,
"na hapa, mstari wa tatu, mja anaomba asitiriwe."

Bisibisi ikatoka mdomoni.
"Samahani, Daktari. Hapo juu pana samli."
Sote tukainua nyuso darini.
"Pana nini?"
"Samli. Kibaba na nusu. Naiona hapo ukutani, mumeikuza vizuri.
Nukta hazipo, mwenye kuandika alikuwa na haraka,
lakini chuoni Likoni mwalimu wetu aliandika hivi hivi
majina ya wasiotoa ada."
Akasoma kutoka ngazini, kidole hewani:
"Rukia wa Kuze, samli, kibaba na nusu, hajalipa.
Mke wa Athmani mshoni, sukari, amelipa nusu.
Yule wa ghorofani, mchele.
Asiulizwe tena."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.
Miaka minne ya utafiti.
Nilimwona akihesabu kitu kwa vidole,
kisha akacheka, kicheko cha mtu
aliyeketi akakuta kiti hakipo.
"Shuka," akamwambia, "uje usome karibu."
Kombo akakishika kipaza sauti kama bomba linalovuja.

Hapo safu ya sambusa ikaacha kutafuna.
Tima Bwanaheri, ambaye mwaka mzima hajauliza swali,
akasimama, makombo yakamwagika miguuni.
"Rukia wa Kuze ni nyanya yangu.
Alikufa akiapa hadaiwi na mtu."
Akafungua kibeti, akatafuta, akatafuta tena,
akaweka juu ya kioo sarafu ya shilingi ishirini.
"Naomba mumfute."

Nani amfute? Tulitazamana.
Wadaiwa wana majina, na mitaa, na waume washoni;
aliyedai peke yake ndiye hajulikani.

Watu walipoondoka nilianza kukusanya viti, vyote sabini.
Daktari alikuwa bado pale na kalamu.
Amekata DUA YA KINGA, ameandika DENI,
lakini macho yake yamegota mstari wa tatu,
yule wa ghorofani, ambaye hata jina hakuandikwa.
"Huyu," akasema, si kwangu, "huyu amesitiriwa."
Akaondoka bila kuifunika kalamu.

Nina daftari la vitabu vilivyotolewa zawadi,
daftari la faini, daftari la miavuli iliyosahauliwa.
La sarafu hii sina.
Nimeitia kwenye bahasha, nimeandika juu yake:
Samli. Imelipwa. Mpokeaji atafutwe.
Kiyoyozi bado hakifanyi kazi.